Wimbo Uliofuata Mguu wa Wahu

Simu ililia Kibe akimimina uji kwenye chupa ya chai. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa Julai mwaka wa 2006, na baridi ya mtaa wa Satellite, Nairobi, ilikuwa imekaza hata vioo vya dirisha vikatoa jasho. Uji ulikuwa wa wimbi, mwepesi, wenye ndimu kidogo, vile mkewe Wahu alivyoupenda tangu koo lake lianze kukataa vitu vizito. Kibe alishika simu kwa mkono wa kushoto na kuacha chupa wazi mezani.

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zamu. Alimuuliza kama yeye ndiye mzee wa Wahu, yule wa kitanda cha kumi na moja. Kibe akasema ndiye, na kwamba alikuwa anatoka sasa hivi, uji tu ndio uliomchelewesha.

"Kuja tu, baba," muuguzi akasema. "Usibebe chakula."

Kibe alielewa. Hata hivyo alikifunga kifuniko, akaizungushia chupa taulo, akaitia kwenye kikapu na kutoka nayo. Kwa miezi minne alikuwa akiingia katika wodi ile na kitu mkononi, na hakujua angeingia vipi mikono mitupu. Becky, mdogo wake Wahu, alikuwa amemsubiri kwenye ngazi za hospitali. Alikitazama kikapu, akakipokea, wakapanda pamoja. Wahu alikuwa ameshafunikwa. Becky aliomba, sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa miaka hamsini na sita, na Kibe akasema amina kabla sala haijaisha kwa sababu hakusikia imefika wapi. Jioni chupa ilirudi nyumbani jinsi ilivyoondoka. Uji ulikuwa bado vuguvugu.

Jamleck Kibe alikuwa na miaka sitini na moja. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye karakana ya Amarjit Singh, ghorofa ya pili, mtaa wa Biashara katikati ya jiji, akitengeneza hamoniamu, vile vinanda vya Wahindi ambavyo mkono wa kushoto huvipulizia hewa huku wa kulia ukicheza. Vililetwa kutoka mahekalu ya Masingasinga na nyumba za Ngara na Parklands, vingine vikiwa vimeliwa na panya, na kila kilichotengenezwa kilipaswa kujaribiwa. Hapo ndipo Kibe alipojifunza kucheza. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alichokisikia kanisani Jumapili alikitafuta kwa vidole Jumatatu, mpaka kikapatikana. Amarjit alikuwa akipita nyuma yake na kusema, kwa utani, kwamba amemwajiri fundi na sasa analipa mchungaji.

Karakana ilipofungwa, kanisa lao la Satellite lilikuwa limenunua kinanda cha umeme na hakuna aliyejua kukicheza. Kibe akakalishwa hapo, na hakuinuka tena kwa miaka kumi na minne. Alikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliizoea. Mkono wake wa kushoto ulifika ukiwa umechelewa kidogo nyuma ya ule wa kulia, kana kwamba ulikuwa bado na kazi ya kujaza hewa kwanza. Kwaya iliutumia ule mwanya kuvuta pumzi. Wageni waliokuja kuimba nao ndio waliojikwaa.

Wahu aliimba sauti ya pili, mstari wa tatu, kando ya ukuta. Alikuwa mshonaji. Mungu hakuwajalia watoto, na nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa na vitu viwili tu vya kelele, cherehani ya miguu chini ya dirisha na kinanda kidogo cha Kibe kwenye ukuta wa pili. Jioni nyingi vililia pamoja. Kwenye cherehani ile ndipo wimbo ulipotokea. Wahu hakukaa chini akautunga. Alianza kwa kuguna tu huku akikanyaga, wiki moja mstari mmoja, mwezi mwingine mstari wa pili, na Kibe nyuma yake akimtafutia sauti za kuushika. Maneno yalikuwa sala yake mwenyewe: *Bwana, nishikie uzi, macho yangu yamechoka.* Ulikuwa na beti mbili na kiitikio, na ulipokamilika Wahu alikataa katakata kuuimba popote nje ya mlango wao.

Alihofia kuchekwa, mshona kola za kwaya akijifanya mtunzi. Lakini kama ungekuwa kwenye karatasi kama nyimbo nyingine, alisema, angempa mwalimu wa kwaya karatasi ile ikiwa imekunjwa, kisha angeenda zake kukaa nyuma. Kwa hiyo akawa anamuuliza Kibe ataandika lini. Kibe akawa anasema wiki ijayo. Alisema hivyo miaka mitatu.

Ukweli ni kwamba Kibe hakujua kuandika wimbo. Wahu aliamini kwamba anajua, kwa kuwa mtu anayecheza vile atakosaje kujua, na tangu waoane Kibe hakuwa amemtoa kwenye imani hiyo. Mwanzoni alinyamaza kwa kujivuna. Baadaye alinyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Hata wodini, Mei, Wahu alipomuuliza tena kwa sauti ya mkwaruzo kama ameanza, Kibe alisema amefika kwenye kiitikio.

Jumatatu hiyo jioni watu wa kanisa walikuja kuomba. Mazishi yalipangiwa Jumamosi, Waithaka, kwenye shamba la baba yake Kibe. Odhiambo, mwalimu wa kwaya, alikuwa na daftari la ratiba magotini, akauliza ni nyimbo gani marehemu alizipenda. Becky alitaja mbili. Kisha Kibe akasema kuna mmoja wa Wahu mwenyewe.

Odhiambo alishangaa. Akaomba auimbe kidogo wausikie. Kibe hakuwa na sauti ya kuimba hata siku za kawaida. Alitikisa kichwa kukataa. Odhiambo, mtu mpole lakini mwenye utaratibu wake, akamweleza hali ilivyo. Kwaya ilikuwa na watu thelathini, na ilikuwa na mazoezi ya jioni moja tu, Alhamisi.

"Ukinipatia karatasi, mzee, utaimbwa," akasema. "Bila karatasi, tutaimba zile za kitabu."

"Nitaleta," Kibe akasema.

Angeweza kusema ukweli wakati ule. Sebule ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakimwita mpiga kinanda wao, na Becky alikuwa anamtazama kwa macho mekundu, akiwa amefurahi kidogo kwa mara ya kwanza siku hiyo kwa kusikia kwamba dada yake aliacha wimbo. Hakusema. Usiku alilala upande wake wa kitanda, akikumbuka maneno aliyoambiwa miaka miwili nyuma pale Adams Arcade na Sunny, mtoto wa Amarjit, kwamba siku hizi ana kompyuta ambayo ukicheza kinanda, yenyewe inaandika.

Jumanne asubuhi alikuwa mtaa wa Biashara. Ngazi zilikuwa zilezile, na kile kidato cha tisa kilichomeguka bado hakikuwa kimezibwa. Sunny alikuwa na miaka thelathini na kitu, kilemba cha samawati, na karakana ya baba yake ameifanya chumba cha kutengenezea video za harusi na matangazo ya redio. Hamoniamu moja ilikuwa imebaki juu ya rafu, kama pambo. Aliposikia habari ya msiba, Sunny alishika mikono ya Kibe kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Fundi. Mzee angekuwa hai angekuja Satellite mwenyewe."

Kibe alimweleza anachotaka. Sunny hakuuliza maswali mengi. Aliunganisha kinanda na kompyuta kwa waya, akafungua programu, na kwenye kioo ikatokea karatasi nyeupe yenye mistari mitano-mitano, mitupu kama waya za umeme asubuhi. Alibonyeza ufunguo mmoja wa kinanda na doa jeusi likajitundika kwenye mstari. Kibe aliinama kulitazama.

"Na nikikosea?"

"Inaandika makosa. Hii kitu haina huruma."

Kulikuwa na sharti moja. Kompyuta ingetoa mlio wa kuhesabu, tik tik tik tik, na mchezaji angepaswa kwenda nao bila kuupita wala kuachwa. Ndivyo ilivyojua noti moja imeisha wapi na nyingine imeanzia wapi. Kibe akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akafumba macho, akaanza.

Mstari wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili, alipofika pale Wahu alipozoea kuvuta neno *yamechoka*, vidole vilivuta, na mlio ukaendelea mbele bila yeye. Alikimbia kuufikia, akaupita. Alipomaliza na kufungua macho, kioo kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na noti zilizofungwa mikia kwa mikia, vipande vya vipande, na kati yao alama za kunyamaza zimemwagika kila mahali. Sunny alisogeza kiti karibu.

"Fundi, hapa ni kama kuku wamepita kwa unga."

Alimwonyesha kwa kidole. Kila mahali mkono wa kushoto ulipochelewa, kompyuta ilikuwa imeandika kimya kidogo. Kila alipovuta neno, ilikuwa imelikata na kuliunganisha tena. Haikuwa imekosa chochote. Iliandika yote iliyoyasikia, na mtu yeyote angeshindwa kuyasoma. Walijaribu tena, mara tano. Mlio ulipopunguzwa mwendo Kibe aliupita, ulipoongezwa ukamwacha. Mwishowe Sunny alitumia amri ya kusawazisha, ambayo ilizivuta noti zote zikae penye hesabu. Karatasi ikawa safi. Akabonyeza ili waisikilize, na wimbo ukatoka ukitembea magoti juu.

Kibe alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti.

"Huyo si Wahu," akasema. "Huyo ni askari."

Sunny akacheka, kisha akaacha. Akamuuliza kanisani huwa anafuata nani. Kibe akasema huwa anafuata watu. Kina mama wakivuta, naye huvuta. Na huu wimbo, Sunny akauliza, ulikuwa unafuata nani? Kibe alisema amechoka, akaomba arudi kesho.

Jioni Becky alikuwa anapanga viti vya kukodi sebuleni, kwa maana watu wa maombi walizidi kila siku. Cherehani ilikuwa inaziba nafasi ya watu watatu, akasema, waisukume chumbani. Kibe akasema sawa, na akaketi kwenye kiti cha Wahu ili aondoe kazi iliyokuwa imebaki chini ya sindano. Ilikuwa kola nyeupe ya joho la kwaya, nusu imeshonwa. Aliinua sindano, akaitoa kola, na mguu wake, kwa kuwa haukuwa na mahali pengine pa kukaa, ukawa juu ya kanyagio. Akakanyaga.

Hakuwa amewahi kukaa pale. Miaka yote alikuwa amemwona Wahu mgongoni, na mguu wake chini ya rinda. Kanyagio lilishuka polepole, kwa uzito, kisha likapanda upesi. Kushuka kulikuwa kurefu na kupanda kulikuwa kufupi. Gurudumu likazunguka, na Kibe akiwa na kola mkononi akatambua wimbo ulikuwa umekaa wapi. Kompyuta ilikuwa imehesabu nne. Mguu wa Wahu ulihesabu tatu, mbili za kushuka na moja ya kupanda, na ulipokuwa umechoka ulichelewa kushuka, na yeye nyuma yake alichelewa nao bila kujua anachokifuata.

"Shemeji," Becky akaita, "watu wanaingia."

"Iache mpaka kesho," Kibe akasema.

"Watakaa wapi?"

Kibe alitoka nje akaleta benchi la jirani mwenyewe. Becky alimtazama akilibeba, mzee wa watu peke yake kwenye baridi, akaiacha cherehani ilipo.

Jumatano Kibe alimweleza Sunny kwamba hesabu ni tatu, na kwamba lazima itoke mguuni. Sunny alikuna ndevu. Alifungua orodha moja, akafunga, akafungua nyingine, akasoma kwa kunong'ona. Kisha akapiga meza kwa kiganja. Programu ilikuwa na njia nyingine ambayo hakuwahi kuihitaji. Ule mlio ungeweza kuzimwa kabisa, na badala yake mchezaji akapiga hesabu kwa pedali ya mguu. Kila akikanyaga, kompyuta ingejua hapo ndipo pigo lilipo, liwe limechelewa au limewahi.

"Kumbe inaweza kukufuata," akasema. "Miaka yote mimi ndio nimekuwa nikiifuata."

Alitafuta pedali kwenye sanduku la nyaya, akaipangusa vumbi na kuiweka chini ya kinanda. Kwa ajili ya mkono wa kushoto aliiagiza programu isiandike kimya chochote kifupi kuliko nusu ya pigo. Kibe alivua kiatu. Akaweka mguu wenye soksi juu ya pedali, akakanyaga mara kadhaa bila kucheza, mpaka chumba kikapata mwendo. Alipoanza hakufumba macho. Aliangalia ukuta ulio mbele yake, usio na dirisha wala mtu.

Alicheza beti mbili na kiitikio mara moja tu. Sunny aligeuza kioo, na Kibe akaona noti zimeketi kwa nafasi, nyeusi, zenye mikia iliyonyooka, kurasa mbili. Kwake zilikuwa alama tu, lakini aliona kwamba zimetulia.

"Nikuwekee usikie?"

Kompyuta ikacheza. Iliucheza kama alivyoucheza yeye, na ule uvivu wa mkono wa kushoto ukiwamo, kwa sababu Sunny alikuwa ameuficha kwenye karatasi tu na si kwenye sauti. Kibe alikuwa ameweka mikono mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia wimbo huo bila kuucheza, na alijikuta anasubiri sauti ya Wahu iingie chini yake, kama ilivyoingia kila jioni. Wimbo ukafika mwisho. Akaomba uwekwe tena. Akaomba mara ya tatu, na Sunny akaenda kusimama dirishani, akawa anaangalia watu wa mtaa wa Biashara.

Kabla ya kuchapa, programu ilitaka jina la mtunzi. Sunny alijua jibu, lakini aliuliza. Kibe alimtajia herufi moja moja, kana kwamba Sunny angekosea, na jina la Wahu likakaa juu ya ukurasa, upande wa kulia. Wakatoa fotokopi thelathini.

Alhamisi Kibe alifika kwenye mazoezi mapema. Aligawa karatasi mwenyewe, akimpa kila mtu kwa mikono miwili, kisha akaenda kwenye kinanda na kusubiri. Hakuna aliyeanza. Watu waliangalia ukurasa, wakageuza nyuma, wakatazamana. Kijana mmoja wa besi alimnong'oneza mwenzake kwamba viluwiluwi vimekwama kwenye waya, na mwenzake akakohoa ili asicheke. Odhiambo alikuwa ameishika karatasi mbali na uso, akiitafutia namna.

"Mzee," akasema kwa upole, "hii ni ile ya mistari. Sisi tunasoma solfa."

Akamwonyesha karatasi ya wimbo mwingine kutoka kwenye faili lake. Ilikuwa ya herufi tupu, d na r na m, na nukta na vistari kati yake. Kibe aliishika. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameketi hatua sita kutoka kwa kwaya, na hakuwa amewahi kuiangalia karatasi hata moja waliyoishika, kwa kuwa hakuihitaji, na kwa kuwa aliogopa mtu asije akamuuliza kilichoandikwa. Alidhani nyimbo zote duniani zinaandikwa namna moja. Odhiambo aliona uso wake, akaharakisha kusema kwamba si kitu, mzee aketi tu na kuwaandikia kwa solfa ubaoni, itachukua dakika ishirini.

Kibe alibaki amesimama.

"Mimi sijui kuandika," akasema. "Wala kusoma. Hii imeandikwa na kompyuta ya mtu. Wahu alidhani najua, nami nikamwacha adhani hivyo mpaka amekufa."

Yule kijana wa besi akainamisha kichwa. Kutoka mstari wa tatu, kando ya ukuta, akatoka Peres, mwalimu wa shule ya msingi aliyesimama bega kwa bega na Wahu kwa miaka kumi na mmoja. Kwenye chuo cha ualimu, akasema, walifundishwa zote mbili, ingawa ya mistari ameshaanza kuisahau. Alichukua chaki. Alisoma polepole kama mtu anayechagua mchele, akiimba kwa pumzi tu, kisha akaandika herufi ubaoni, akafuta, akaandika tena. Mara mbili alimwomba Kibe acheze mahali fulani. Robo tatu ya saa baadaye sauti ya kwanza ilikuwa ubaoni yote, na kwaya ikaijaribu.

Hapo ndipo wimbo wa Wahu ulipotoka kwenye vinywa vya watu kwa mara ya kwanza. Walikosea kiitikio, wakarudia, wakakipata.

"Sasa sauti ya pili," Peres akasema, chaki ikiwa tayari. "Naona hapa kuna ya juu na hizi za kuishikilia. Ya pili iko wapi?"

Kibe aliangalia vidole vyake. Akaeleza kwamba yeye akicheza ile ya juu, Wahu alikuwa akiiacha na kuingia chini yake. Hakuwahi kuweka vidole hapo. Palikuwa mahali pake, na kompyuta iliandika mikono ya Kibe tu. Akamuuliza Peres kama kwa miaka yote ile hakuwahi kumsikia akiiguna, hata siku moja, wakisubiri ibada ianze.

"Hapana, mzee," Peres akasema. "Sikujua hata kama kuna wimbo. Mimi alikuwa akiniuliza kama nimekula."

Odhiambo alisema si vigumu, angeweza kutunga sauti ya pili hapo hapo, anajua kanuni zake. Kibe alimshukuru. Akasema wanawake wa sauti ya pili waimbe ya kwanza pamoja na wengine, na ile nyingine iachwe.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Ibada ilifanyika kanisani Satellite saa tatu, na Kibe hakucheza, kwa kuwa mfiwa haketi kwenye kinanda. Kijana kutoka kanisa jirani aliletwa. Saa tano msafara ulikwenda Waithaka. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya migomba, karibu na la mama yake Kibe, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa pande mbili na kufunikwa turubai. Kijana wa kinanda alikuwa amekuja na kinanda chake, lakini hapakuwa na umeme shambani, akakiacha kwenye gari.

Mchungaji alisoma na kuomba. Jeneza lilishushwa kwa kamba na wanaume wanne, upande wa kichwa ukiinama kidogo, na mmoja akasema taratibu. Kisha Odhiambo akainua mkono, na kwaya ikaimba wimbo wa Wahu, sauti moja, karatasi za solfa walizonakili kutoka ubaoni zikilowa. Kibe alisimama mbele, mikono mfukoni mwa koti. Walipofika kwenye *yamechoka* walivuta, na baada yake, mahali ambapo mkono wake wa kushoto ungechelewa, wote thelathini walivuta pumzi. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kwenye tope. Becky aliuona, akamshika mkono.

Kibe alitupa udongo kwanza, kisha Becky, kisha ndugu wengine. Wanaume walipokezana majembe mpaka kaburi likajaa, wakalisawazisha kwa migongo ya majembe. Msalaba ulisimikwa, wa mbao, wenye jina na miaka. Maua yaliwekwa na wanawake wa kwaya, wawili wawili, na Sunny, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na kilemba kikichuruza maji, akaja na yake mwisho. Mchungaji akatoa neno la kufunga, na watu wakaelekea kwenye hema la chakula.

Peres alimrudishia Kibe ile karatasi ya kompyuta yenye jina juu. Kibe aliikunja mara mbili akaitia kwenye Biblia. Becky alileta chupa ya chai, akammiminia kikombe, na Kibe akakinywa akiwa amesimama kando ya kaburi. Saa tisa mvua ilizidi. Walipanda magari wakarudi Satellite.